Mtoto ana mafua na usiku sikio linamuuma: nimwanzishie antibiotiki?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minne, kilo 12. Mafua yalimwanza Jumamosi, kamasi nyepesi na kikohozi kidogo. Jana Jumatatu usiku aliamka saa saba analia, ameshika sikio la kulia, mwili wa moto. Hatukulala mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Asubuhi hii amekunywa uji na amecheza kidogo. Bibi yake anataka tumtie mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu swaumu. Duka la dawa wameniuzia amoksilini ya unga wa kuchanganya na maji pamoja na dawa ya matone ya sikio, wakaniambia nianze zote leo. Sijampa chochote ila dawa ya homa, kijiko kimoja. Nianze hiyo antibiotiki au nisubiri? Na Ijumaa tulipanga kupanda Lushoto kwa shangazi yake. (Mama, Tanga)

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa usiku huo. Kilio cha sikio hakifanani na kilio kingine, na huwa kinaamka nyumba nzima imelala.

Nianze na unachohitaji kufanya leo, sababu zitafuata. Matone ya sikio usitie. Mafuta ya bibi usitie. Dawa ya maumivu mpe kwa kipimo cha uzito wake na kwa saa, usisubiri mpaka alie. Ile chupa ya amoksilini, kwa kuwa bado ni unga, usiitie maji kwanza. Ukishaichanganya huwezi kuirudisha kuwa unga, na ikikaa zaidi ya siku zilizoandikwa kwenye chupa ni ya kumwaga. Iweke kabatini mpaka mhudumu wa afya ammulike sikio mwanao, leo au kesho. Naamini inawezekana kwa kuwa uko mjini.

Sasa sababu. Watu wengi wanapoona mtoto ameshika sikio hudhani kuna kitu kimeingia kwa nje: maji ya kuogea, baridi, mdudu. Kwa mtoto mwenye mafua karibu kila mara njia ni nyingine. Nyuma ya ngoma ya sikio, ule utando mwembamba ulio mwisho wa tundu, kuna chumba kidogo cha hewa. Chumba hicho kina mlango mmoja tu wa hewa: mrija mwembamba unaoshuka hadi nyuma ya pua, pale juu ya koo. Vitabu vya tiba vinauita kwa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia wa karne ya 16 aliyeueleza. Muda mwingi mrija huo umefumba. Tukimeza mate au tukipiga miayo unafumbuka kidogo, na ule mlio mdogo unaousikia masikioni ukimeza ndio huo. Kwa mtu mzima mrija una urefu wa kama sentimita 3.5 na umeinama vizuri kuelekea kooni. Kwa mtoto mchanga ni kama nusu ya hapo, na umelala, kama mfereji uliojengwa bila mteremko. Wewe na mwanao mkipata mafua yaleyale siku ileile, yeye ndiye atakayeumwa sikio.

Mafua yakishaivimbisha ngozi ya ndani ya pua, mdomo wa mrija nao huvimba na kuziba. Hewa iliyobaki chumbani inafyonzwa taratibu na mwili, haiji nyingine, na ngoma ya sikio inavutwa kwa ndani. Hapo ndipo maumivu ya kwanza huanza: sikio zito, limeziba, linachoma. Kwa watoto wengi huishia hapo, mafua yakipungua mrija unafunguka. Kwa wengine chumba kinajaa majimaji, vijidudu vilivyokuwa vimetulia zao nyuma ya pua vinapanda humo na kuzaliana, na sasa ngoma inasukumwa kwa nje na usaha. Maumivu ya hatua hii ndiyo yanayomwamsha mtu saa saba. Hutokea zaidi usiku kwa sababu mtoto akilala damu inajaa zaidi kichwani, uvimbe unaongezeka, na aliyelala hamezi mate mara nyingi kama aliye macho. Asubuhi anasimama, anakunywa uji, anameza, mrija unapumua kidogo, na wewe unabaki unashangaa kama ni mtoto yuleyule. Maelezo yako, kuanzia mafua ya Jumamosi mpaka kilio cha Jumatatu usiku, yanakwenda na mwendo huo. Siku ya pili hadi ya tano ya mafua ndiyo tunayoiona sana.

Ukilishika hilo la njia ya pua, mengine yote yanaeleweka, pamoja na habari ya mafuta. Chochote unachotia tunduni kinaishia kwenye ngoma. Ukimwagia maji bati la nyumba, aliyelala ndani halowi. Mafuta ya nazi hayafiki kwenye usaha, na kitunguu swaumu hakifiki. Nimewahi kumtoa mtoto wa rika la mwanao punje nzima ya kitunguu swaumu iliyokuwa imesukumwa ndani siku mbili kabla. Ngozi ya tundu ilikuwa imebabuka na kuwa nyekundu kote, na ilinichukua muda kujua kama sikio linauma kwa mafua au kwa dawa. Mafuta yaliyochemshwa yana hatari ya wazi zaidi, kwani joto ambalo kidole cha mtu mzima kinalivumilia linaweza kuiunguza ngoma ya sikio. Tena mafuta yakishajaa, anayekuja kumulika haoni kitu. Maziwa ya mama, ambayo najua yatapendekezwa na jirani mwingine, hayachomi, lakini yakiganda humo ni chakula cha bakteria.

Usimvunjie bibi heshima, lakini. Joto analolitaka ni zuri, ila likae nje ya sikio. Kunja khanga mara nne, ipige pasi, ijaribu kwanza kwenye mkono wako wa ndani, kisha mwekee mtoto juu ya sikio kwa dakika kumi akiwa amepakatwa. Huo ndio umahiri wa bibi, na huyo mtoto atatulia mapajani kwake kuliko kwangu.

Dawa ya maumivu ndiyo tiba ya kwanza ya sikio hili, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Unaposema kijiko kimoja, nataka kujua kijiko kipi. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, kingine kinabeba mililita 3, kingine 6. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, duka la dawa wanalo, au kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na chupa. Kisha soma kibandiko. Parasetamoli ya maji ya watoto iliyoenea zaidi kwetu ina miligramu 120 katika mililita 5, lakini kuna chupa za miligramu 250 katika mililita 5, na zinakaa rafu moja. Kipimo cha maumivu ni hadi miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto. Mwanao ana kilo 12, kwa hiyo ni miligramu 180, yaani mililita 7.5 za ile ya 120. Kijiko kimoja cha mililita 5 hakikuwa kosa, kilikuwa kidogo kwa maumivu ya sikio. Mpe kila baada ya saa 6, isizidi mara nne katika saa 24, na moja ya hizo mara iwe wakati anapokwenda kulala. Kwa siku ya kwanza na ya pili fuata saa hata kama anacheza. Hakikisha pia hakuna dawa nyingine ya mafua nyumbani yenye parasetamoli ndani yake, maana nyingi za mchanganyiko zinayo na utajikuta umempa mara mbili.

Ibuprofeni ya maji pia inafanya kazi vizuri kwa sikio. Ile ya miligramu 100 katika mililita 5, mililita 5 kila baada ya saa 8 zinamtosha, akiwa ameshakula. Ila usimpe kama anatapika, anaharisha au hanywi maji, wala kama kuna shaka ya dengi, ugonjwa ambao pwani tunaujua. Dar es Salaam ililipukiwa mwaka 2014 na tena 2019. Parasetamoli ndiyo salama ya kuanzia. Aspirini mtoto hapewi kabisa. Dawa za kukausha kamasi na zile za mzio zinazolaza mtoto hazifungui mrija wa sikio, zinamlevya tu, na kwa umri wake madhara yake ni makubwa kuliko faida.

Tuje kwenye swali lenyewe.

Maumivu ya sikio yanayofuata mafua, hata yale yenye usaha nyuma ya ngoma, mara nyingi yanapona yenyewe. Hili limepimwa kwa maelfu ya watoto, wengine wakipewa antibiotiki na wengine dawa isiyo na kitu ndani. Zaidi ya nusu maumivu yao yalikuwa yamekwisha baada ya saa 24, wawe wamepata antibiotiki au hawakupata. Baada ya siku mbili tatu hivi, kati ya watoto ishirini waliopewa, aliyenufaika kwa kupungukiwa maumivu kwa sababu ya dawa hiyo alikuwa kama mmoja. Na kwa kila watoto kumi na wanne hivi waliopewa, mmoja alipata kuharisha, kutapika au vipele ambavyo asingevipata. Ukiongeza bakteria wanaozoea dawa kila tunapoitumia bure, utaona kwa nini simwandikii kila mtoto anayelia. Antibiotiki vilevile haipunguzi maumivu ya usiku wa kwanza. Mzazi anayetoa amoksilini na kuacha parasetamoli amemwachia mtoto usiku mwingine uleule.

Lakini kuna watoto ambao sisubiri. Aliye chini ya miezi sita, namwanzishia. Aliye chini ya miaka miwili na masikio yote mawili yameathirika, namwanzishia. Sikio linalotoa usaha, homa ya digrii 39 na kupanda, maumivu yaliyopita saa 48 licha ya dawa ya kutuliza, mtoto mwenye utapiamlo, mwenye selimundu au mwenye virusi vya Ukimwi: hao wote wanaanza dawa siku hiyohiyo. Mwanao ameshavuka miaka miwili, ni sikio moja, amekunywa uji na amecheza. Kama joto lake halijafika 39 na anayemulika akikuta ngoma haijatuna sana, ningekubali kusubiri siku mbili, dawa ikiwa kabatini na wewe ukiwa na masharti ya kuifungua.

Hapa kuna jambo ambalo huenda likakuchanganya, kwa hiyo nikuambie mapema. Ukifika zahanati, mwongozo wa kutibu watoto wa chini ya miaka mitano unaotumika huko, ulioanzia Shirika la Afya Duniani, unasema mtoto mwenye maumivu ya sikio apewe amoksilini kwa siku 5, bila habari ya kusubiri. Mwongozo huo haujakosea. Uliandikwa kwa mahali ambapo hakuna kifaa cha kumulikia sikio, na mama ametembea saa mbili na huenda asirudi. Katika hali hiyo kumpa dawa mtoto asiyeihitaji ni kosa dogo kuliko kumrudisha nyumbani anayeihitaji. Kwa hiyo muuguzi akikuandikia, usibishane naye kwa jina langu. Mpe mtoto, na umalize siku zote 5 hata akiamka mzima siku ya pili. Kwa kilo 12 mwongozo ni miligramu 500 asubuhi na 500 jioni, yaani vile vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250, viwili na viwili. Nataja kipimo kwa sababu dukani mara nyingi huandikwa kidogo mno, nusu kijiko hapa na pale, na kipimo kidogo kina madhara yote ya dawa bila faida yake. Mwambie anayekuandikia pia kama mtoto amewahi kuvimba uso au kutoka vipele kwa penisilini yoyote.

Nisichokubali ni dawa kuanza kaunta ya duka, bila mtu kuangalia sikio wala mtoto. Kwanza kwa sababu hiyo homa huenda si ya sikio. Tanga ina malaria. Mtoto mwenye mafua na sikio anaweza kuwa na malaria juu yake, na kipimo cha haraka cha tone la damu kinachukua kama robo saa. Kipime hata kama sikio linaonekana kuwa ndiyo sababu.

Pili, kwa sababu ya hayo matone. Soma jina lililoandikwa. Ukiona gentamaisini au neomaisini, hizo ni dawa ambazo ngoma ya sikio ikiwa imetoboka zinaweza kupita hadi sikio la ndani na kuharibu usikivu. Na ngoma ya sikio nzima haipitishi matone, kwa hiyo kwa usaha ulio nyuma yake hayafanyi kazi. Kwa vyovyote vile hayakufai leo.

Kutoboka kwenyewe kunatisha wazazi kuliko inavyostahili. Inakuwa hivi: mtoto amelia usiku kucha, ghafla ananyamaza, analala fofofo, na asubuhi unakuta foronya ina alama ya majimaji ya njano, pengine yenye wekundu kidogo wa damu. Usaha umejitafutia njia. Maumivu yamekwisha kwa sababu hakuna tena kinachosukuma. Tundu hilo kwa kawaida hufunga lenyewe ndani ya wiki moja au mbili, lakini mtoto sasa anahitaji antibiotiki na sikio linahitaji kukauka. Kukausha kunafanywa hivi: chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya, au karatasi laini isiyochanika, isokote iwe utambi kama wa kibatari, wenye ncha laini. Vuta sikio kidogo kwa nyuma, ingiza utambi taratibu mpaka unyonye, utoe ukilowa, weka mwingine, endelea mpaka utakaotoka uwe mkavu. Mara tatu kwa siku. Usitumie vijiti vya pamba. Vinasukuma usaha na nta kwa ndani, na mtoto akigeuka ghafla ni hatari. Maji ya kuogea yasiingie, na kuogelea ufukweni Raskazone kusubiri mpaka sikio limulikwe na kuonekana limefunga.

Sikio linalotoa usaha zaidi ya wiki mbili ni ugonjwa mwingine. Nalisema kwa mkazo kwa sababu huku kwetu bado kuna watu wazima wanaosema "hilo ni la utoto, akikua litaacha." Haliachi. Linakula vifupa vya kusikia kimyakimya, bila maumivu, na kutoumwa huko ndiko kunakomwacha mtoto nyumbani mpaka anaanza shule na mwalimu anasema mtoto huyu mkaidi. Tiba yake ni kukausha kwa utambi na matone ya aina ya siprofloksasini kwa siku 14, na baada ya hapo daktari wa masikio.

Dalili za kukimbia nazo hospitali, hata usiku, hata kama ulishaanza dawa: uvimbe au wekundu unaouma nyuma ya sikio, hasa ukiona sikio limesogezwa mbele ukimlinganisha pande mbili kwa kumtazama usoni; shingo ngumu; degedege; usingizi usio wa kawaida; kutapika kila anachokunywa au kukataa kunywa kabisa; na uso kulegea upande mmoja. Huo uvimbe wa nyuma ya sikio uangalie kila asubuhi unapomwogesha, mpapase mfupa kwa kidole. Maana yake ni kwamba usaha umeingia kwenye mfupa, na kutoka hapo ubongo hauko mbali. Si jambo la kawaida, ila ndilo linalonifanya nisikubali mtu aseme "sikio tu."

Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya mwenyewe, ingawa halichukui nafasi ya kumulikwa. Bonyeza taratibu kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio. Akiruka kwa maumivu, tatizo huenda liko kwenye tundu lenyewe, ugonjwa wa waogeleaji na wa wanaochokonoa masikio, na huo ndio wenye haki ya kutibiwa kwa matone. Akivumilia, tatizo liko ndani zaidi, au haliko sikioni kabisa. Mishipa ya fahamu ya koo, magego na sikio inashirikiana, kwa hiyo tonsili zilizovimba zinaweza kulia sikioni. Mwanao yuko kwenye umri wa magego ya mwisho ya utotoni kutoka, na hayo pia humfanya mtoto ashike sikio. Kushika sikio peke yake si ushahidi. Kushika sikio, pamoja na mafua ya siku tatu na homa na kuamka usiku, ni ushahidi mzuri.

Puani ndiko tatizo lilikoanzia, kwa hiyo pua nayo iangalie. Chemsha maji, yapoe, pima mililita 250, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Matone mawili matatu kila tundu la pua kabla ya kula na kabla ya kulala, kisha futa kamasi zinazolegea. Tengeneza mapya kila siku. Usimbane pua zote mbili ukamwambia apenge kwa nguvu. Presha hiyo inasukuma kamasi kwenye mrija uleule. Tundu moja, kwa upole, halafu jingine. Nyungu kwa mtoto wa umri huu sitaki kuisikia. Watoto walioungua kwa sufuria ya nyungu nimewaona, na mafua yao yangepona kwa wiki moja.

Maumivu yakiisha, usishangae akisikia kwa shida wiki kadhaa. Majimaji hubaki nyuma ya ngoma muda mrefu kuliko homa. Utamwona anaongeza sauti ya televisheni au haitiki ukimwita kwa nyuma. Kwa wengi hukauka ndani ya miezi mitatu bila dawa yoyote. Yakivuka miezi hiyo apimwe usikivu, maana huu ndio umri wa kuokota maneno. Na kama anakoroma na kulala mdomo wazi hata bila mafua, mtajie daktari; huenda nyama za nyuma ya pua zimekua na zinaziba mdomo wa mrija, na huyo masikio yatamrudia kila msimu.

Ukienda kliniki chukua na kadi yake. Chanjo ya nimonia inayotolewa wiki ya 6, 10 na 14, ambayo Tanzania iliiingiza kwenye ratiba mwaka 2013, inakinga pia dhidi ya baadhi ya bakteria wanaopanda sikioni. Kama aliruka dozi, uliza. Jingine ni moshi. Jiko la mkaa likiwa ndani, au kuna anayevuta sigara chumbani, mrija huvimba hata siku zisizo na mafua. Na kama bado anakunywa maziwa ya chupa akiwa amelala chali, mwinue, kwa sababu maziwa nayo yanaijua njia hiyo ya nyuma ya pua.

Kuhusu Lushoto. Kama Ijumaa homa imekwisha saa 24 na anakula, nendeni, hewa haitamdhuru. Kinachosumbua ni mlima wenyewe. Mombo, pale chini ya mlima, iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400, na barabara ni kona tupu. Kupanda hakusumbui sana, hewa iliyo sikioni hutanuka na kujitokea yenyewe. Kushuka ndiko kubaya, kwa sababu sasa hewa inatakiwa kuingia kupitia mrija uliovimba. Hata mtu mzima mwenye mafua akishuka na ndege kutoka Nairobi kwenda Mombasa analijua hilo. Kwa hiyo msirudi siku ambayo mafua bado yamemkaba. Mpe parasetamoli nusu saa kabla ya kuondoka, na mkianza kuteremka mpe juisi au maji kwa mrija, kidogokidogo, ameze njia nzima mpaka Mombo. Na akiwa amesinzia mkifika Soni, kabla ya Mombo, mwamshe.